Nafasi ya Sita

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumanne, tarehe 14 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Kidevu,

Pokea salamu zangu nyingi, tena uzipokee vizuri maana zimetoka mbali. U mzima? Wifi yangu naye, ile miguu iliyokuwa ikimvimba imepungua? Na mtoto, ameshaota meno ya mbele au bado anacheka kizee? Mimi ni mzima wa mwili. Kikohozi cha vumbi la mashuka kiliniacha mwezi uliopita, na kule chumba cha kufulia cha hospitali bado mimi ndiye msimamizi, bado wananiogopa, na bado wakidhani sisikii wananiita Mama Pasi.

Najua jicho lako limeshatafuta habari za Baba hapo juu halikuziona. Nitafika. Kwanza nikugombeze kidogo, ndiyo haki yangu ya kuzaliwa kabla yako. Simu zangu kumi na moja hukupokea. Ujumbe ulikuwa unausoma halafu kimya, na tangu wiki iliyopita hata kukufikia haukufikii. Sawa. Nimerudi kwenye karatasi kama watu wa zamani, nikaiandikia anwani ya kiwanda chenu cha barafu, maana karatasi huwezi kuikata kabla sijamaliza kusema.

Sasa kaa kitako, tafadhali.

Baba alianguka. Ni miezi minne sasa. Alikuwa ameinama pale mlangoni anafunga kamba za viatu, akakaa chini taratibu kama mtu aliyekumbuka jambo, na hakuinuka. Kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havimsikii. Maneno yamembakia machache, na hayo machache yanachelewa kutoka, na mara nyingine linatoka lisilo lenyewe, akataka maji akasema dirisha, akakasirika mwenyewe. Anakula, analala, ananielewa kila kitu. Nimemwekea kiti chake karibu na dirisha na ule mkoba wake wa spana chini ya miguu, kwa sababu ukiuhamisha anautafuta kwa macho.

Usiitupe barua. Najua unauliza mbona sikukuambia, na ungekuwa hapa ungeniuliza kwa kelele. Alinikataza, Kidevu. Pale wodini nilishika simu nikupigie, akanidaka kifundo cha mkono kwa ule mkono wake wa kushoto, akatikisa kichwa mpaka machozi yakamtoka. Hakutaka uje kwa kumhurumia. Mimi ninayeamuru watu kumi na wanane kutwa nzima nikanywea kama shuka bichi. Nikasema basi, Baba, simwambii. Nimetunza ahadi hiyo miezi minne, na leo naivunja, na kwa nini naivunja ndiyo barua yenyewe.

Unakumbuka siku uliyoondoka. Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia yote. Baba alitaka uushike ule mkoba, uwe fundi wa lifti kama yeye, na wewe ukamwambia unakwenda kutengeneza majokofu kwa watu usiowajua. Akakuambia ukivuka mlango huu usimpigie simu. Na wewe, kwa ukaidi wako uliorithi kutoka kwake mwenyewe, ukamtii neno kwa neno! Miaka miwili hukumpigia. Mimi nilikuwa nafikisha salamu za uongo huku na huku, nikimwambia yeye umemsalimu, nikikuambia wewe amekuulizia. Sijui kama kuna mmoja wenu aliyewahi kuniamini.

Halafu ukaja ule mchezo wenu wa mazimwi. Mwezi mmoja baada ya wewe kuondoka, Jumapili saa kumi alasiri, tableti ya Baba ikalia: Kidevu anakualika pambano. Nilikuwa nakunja nguo. Baba aliitazama kwa muda, akavaa miwani, akakubali. Tangu siku hiyo kila Jumapili saa kumi, mapambano matatu, bila neno, maana mchezo wenyewe hauna pa kuandika. Una alama tatu tu za kubonyeza: mkono unaopunga, uso unaocheka na dole gumba. Mkimaliza Baba anabonyeza mkono unaopunga, na wewe unabonyeza mkono unaopunga, basi mpaka wiki ijayo. Mimi nilikuwa nawacheka. Wanaume wazima, nasema, hawawezi kuulizana habari ya afya, lakini kurushiana mazimwi wanaweza.

Baba alipolala wodini, Jumapili ya kwanza tableti ikalia saa kumi juu ya kimeza cha kitanda. Akaniangalia. Nikakubali mwaliko kwa kidole changu. Ndiyo, mdogo wangu, tangu siku ile ulikuwa unapigana na mimi. Mwanzoni Baba alinielekeza kwa macho, akitazama zimwi anayetaka atoke. Baadaye akawa anachoka na kusinzia katikati, nikawa nabonyeza kwa akili yangu. Na ukanipiga! Wiki nane mfululizo ulinipiga kama ngoma, sikuambulia pambano hata moja. Nilikuwa nafunga ile tableti na kuona haya kama vile nimemwibia Baba jina lake.

Basi nikasema hapana. Nikaanza kujifunza. Saa ya chakula cha mchana nikikaa kwenye marobota ya mashuka naangalia vijana kwenye video wakieleza namna ya kupanga kikosi, na nikagundua jambo la kuchekesha, kwamba kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na sita. Ni kupanga zamu tu. Unaonyesha mazimwi sita, mpinzani anayaona yote sita, kisha kila mmoja anachagua manne ya kuingia uwanjani. Watu wasiojua wanachukua sita wenye nguvu. Mimi sipangi zamu hivyo. Nikiweka watu sita wanaoweza kubeba marobota, nani atakayeona shuka lenye doa? Unatafuta kila mtu ana shimo wapi, na pembeni yake unaweka mwenye kulifunika shimo hilo. Radi ana kasi lakini ngozi yake ni karatasi, kwa hiyo Mama Tope anatangulia kupokea kipigo. Yule wa sumu mliyempa jina la Shangazi anamchosha adui polepole, ndipo Kaa la Moto anaingia kumalizia. Nikaelewa pia kila wiki tunafia wapi: kwenye joka lako linaloruka. Matope hayalifiki, moto haulitishi, na Kengewa wetu, yule mwewe, analikimbia. Dawa yake ni barafu, na sisi barafu hatukuwa nayo.

Nikatazama sita wetu. Watano kila mmoja ana kazi yake. Wa sita ni Mpagazi.

Mimi nilimwona konokono tu. Konokono wa kijivu mwenye nyumba mgongoni, mwendo wake wa mwisho katika mchezo mzima, pigo lake halimuumizi hata sisimizi. Fundi wa mashine zetu za kufulia, ambaye naye anacheza, nilimwonyesha kikosi akaniuliza, huyu konokono mnamlipia kodi ya nyumba? Nikacheka. Nikafanya ninavyofanya kazini mtu akiwa hana anachokifanya kwenye zamu. Nilimtoa. Nikamweka Theluji mahali pake, nikamfundisha wiki mbili kila nikipata nafasi, na Baba sikumuuliza. Niliona ni jambo dogo la kumfurahisha akiamka.

Jumapili hiyo unaikumbuka kuliko mimi. Nilikupiga matatu kwa sifuri. Joka lako liliganda pambano la kwanza, la pili, la tatu, mpaka nikapiga kelele jirani akagonga ukuta. Na mwisho, Mungu anisamehe, sikubonyeza mkono unaopunga. Nilibonyeza uso unaocheka. Nilibonyeza mara nne. Wewe hukubonyeza kitu, ukatoka, na mimi nikasema ona, amenuna. Nikaenda kupika nikiimba.

Jumapili iliyofuata saa kumi ikapita kimya. Baba alikuwa amekaa kitini, nimemchana nywele, miwani amevaa. Saa kumi na moja akaanza kuitazama ile tableti kama ndiyo iliyokosea. Nikamwambia huenda una zamu kiwandani. Wiki ya pili nikamwambia labda mtandao. Wiki ya tatu sikuwa na uongo mpya, na simu zangu hupokei, na moyoni nakutukana. Mtu mzima kweli anamnunia baba yake kwa ajili ya mchezo? Sikujua kwamba nakutukana wewe kwa kosa langu.

Jumapili hiyo ya tatu nikamfungulia Baba kikosi ajifurahishe kutazama tu. Akakitazama muda mrefu. Akainua mkono wa kushoto, akanionyesha vidole vitano. Akaukunja. Akainua kidole kimoja. Kisha akakitikisa kile kimoja hewani, akaniangalia kwa jicho ambalo sijaliona tangu nikiwa msichana nimevunja kioo. Nikasema, Baba, wapo sita, huyo mpya ni Theluji, ana nguvu sana. Akafumba macho, akageuzia uso dirishani, na hakula siku ile.

Alipolala nikamtafuta Mpagazi ghalani wanakowekwa wasiotumika. Kila zimwi ana kadi yake, mimi kadi nilikuwa sizisomi, nilisoma nguvu na kasi basi. Nikaisoma. Amekamatwa na Kidevu. Tarehe nikaipigia hesabu: ulikuwa na miaka tisa, ndiyo wiki ile Baba alifungua mchezo huu pamoja nawe baada ya mama kututoka, ili upate kitu cha kufanya jioni. Chini yake: Amekabidhiwa kwa Fundi Lifti, zawadi. Zimwi wa kwanza uliyemkamata maishani, ukampa Baba.

Nikafungua kumbukumbu za mapambano yenu. Zote zimehifadhiwa, wewe unajua, mimi ndiyo kwanza najua. Nilizipitia moja moja tangu ile Jumapili ya kwanza. Kila Jumapili Mpagazi yupo nafasi ya sita, na hakuna pambano hata moja alilowahi kuingia. Nikatazama upande wako. Nafasi ya sita kila Jumapili ni yule panya wa ardhini, Kirungu, naye hakuwahi kuingia. Nikafungua kadi ya Kirungu. Amekamatwa na Fundi Lifti. Amekabidhiwa kwa Kidevu, zawadi.

Nilikaa pale kitandani kwangu nikalia kwa sauti, sikuficha. Miaka miwili kila mmoja wenu alikuwa anapigana na mkono mmoja umefungwa nyuma, watano dhidi ya watano, ili tu mwenzake afungue na kumwona yule wa sita yupo. Mlikuwa mnaongea, Kidevu. Kila Jumapili mlikuwa mnaambiana yote, na mimi nilidhani mnacheza. Kisha siku moja wewe ukafungua ukakuta Baba amekutoa, ameweka kitu cha baridi mahali pako, amekupiga matatu na amekucheka mara nne usoni. Ningekuwa wewe nami nisingerudi.

Si yeye aliyekutoa. Nalisema wazi ulisome hata mara mbili. Si Baba. Ni mimi dada yako, kwa kiherehere changu na ujuzi wangu wa kupanga zamu. Baba alikuwa amesinzia kitini mdomo wazi. Hakujua mpaka wiki ya tatu, na mpaka leo anaamini umechoka naye, na wewe unaamini amekukataa, na katikati yenu nimekaa mimi. Nisamehe, mdogo wangu. Kama huwezi kunisamehe sasa, niweke pembeni tu, utanishughulikia baadaye, yeye ndiye asiyeweza kusubiri. Daktari ameniambia waziwazi kiharusi kikija mara ya pili huwa hakina adabu ya mara ya kwanza. Simaanishi kukutisha. Mimi mwenyewe nikitoka kazini natembea haraka, na nikikaribia kona yetu najikuta natazama kama pazia la dirisha lake liko lilivyokuwa.

Mpagazi nimemrudisha. Nilimwonyesha Baba asubuhi yake, akaguna, akanipiga kofi dogo la bega, na siku hiyo akala.

Juzi, Jumapili ya nne, sikiliza alichofanya. Tangu mwanzo mwalikaji ni wewe, sivyo? Yeye hajawahi kukualika hata mara moja, kiburi kile kile. Saa kumi ilipofika akaivuta tableti kwa mkono wa kushoto, akakosea mara tatu, nikitaka kumsaidia ananisukuma. Akakipata. Akabonyeza jina lako. Fundi Lifti anamwalika Kidevu. Mchezo ukajibu kwamba haupo, anaweza kusubiri. Akasubiri. Wakati wa kusubiri unaruhusiwa kupanga wanne wa kuingia na nani atangulie, akawapanga. Alimtanguliza Mpagazi. Nikamwambia, Baba, huyo akiingia tu joka linamlaza kwa pigo moja. Akahangaika na mdomo wake, akalitafuta neno, mishipa ya shingo ikamsimama, na lilipotoka lilitoka limenyooka kabisa.

“Amwone,” akasema.

Basi ni hivyo. Sikuombi uache kazi leo wala uje na mizigo. Jumapili yoyote itakayofuata baada ya barua hii kukufikia, saa kumi, fungua. Mwaliko utakuwepo, nimeona hataki uzimwe. Mpige ukitaka kumpiga, hatajali. Na yale ya simu aliyokukataza, mimi nimeshakufungulia mlango wa kosa kwa kuvunja ahadi yangu, unaweza kuingia nyuma yangu tukagombezwa wote wawili. Nafasi ya kuja kabisa ikipatikana, kitanda chako bado kiko, nimeweka juu yake marobota ya nguo zangu lakini yanaondoka kwa dakika tano.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie asiache kuinua miguu juu ya mto akilala. Mbusu mtoto shavu la kushoto, la kulia niachie mwenyewe. Binamu yako fundi viatu anakusalimu, anasema viatu ulivyomwachia vimeshavaliwa na mtu mwingine na usimuulize. Shangazi naye, yule aliyempa jina zimwi la sumu bila kujua, anakuombea kila siku. Mola akulinde katika hiyo baridi unayofanyia kazi, akuhifadhie mikono yako na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,
Mama Pasi.

Nimelazimika kuongeza mstari. Nilikuwa naandika hapa karibu na kiti chake nikidhani amelala, kumbe ananitazama. Hakuniuliza namwandikia nani. Alinyoosha mkono akaichukua karatasi, nikajua sasa anaichana. Hakuichana. Aliuinua mkono wake wa kulia, ule usiomsikia, kwa mkono wa kushoto, akaulaza juu ya karatasi na vidole akavipanua kimoja kimoja. Kisha akachukua kalamu kwa kushoto akauzungushia wino pole pole, kuanzia kifundo, kidole baada ya kidole, mpaka akarudi alipoanzia. Uko nyuma ya ukurasa huu. Geuza uuone anavyokupungia.